Norma Pallister na Bao la Mwaka Sitini na Nne

Norma alifika uwanjani kwetu kwa mara ya kwanza akiwa amevaa shela. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Machi, mwaka 1961, mvua inanyesha ile ya kwetu isiyo na haraka, na sisi Ossenby tulikuwa tunacheza na Wrelby. Mimi nilikuwa winga wa kushoto. Kwenye dakika ya ishirini hivi, mpira uko upande wa pili na mimi sina la kufanya, nikaona kitu cheupe kinapita getini. Nikadhani mtu kabeba turubai. Kumbe bibi harusi, gauni kalikusanya kwa mkono mmoja, mkono wa pili kashika mwavuli wa mchungaji.

Bwana harusi alikuwa Cliff Pallister, beki wetu wa kati. Walifunga ndoa saa tano asubuhi, wakaingia ukumbini, wakala supu, wakala nyama. Keki ilipoletwa, Cliff akamnong'oneza mkewe kwamba anakwenda msalani mara moja. Akatorokea dirisha la jikoni. Baiskeli alikuwa ameificha nyuma ya kanisa tangu jana yake.

"Clifford!" Norma aliita kutoka kwenye chokaa ya pembeni. Sisi wote tulimwita Cliff. Clifford lilikuwa jina la siku ya hatari, na siku hiyo ndiyo tulilisikia kwa mara ya kwanza.

Refa akapuliza filimbi, akamwendea. "Mama, huruhusiwi kuingia uwanjani."

"Na huyu anaruhusiwa kutoka harusini?"

Refa akafikiri kidogo, maji yanamchuruzika puani. "Hilo halimo kwenye kitabu changu."

"Norma," Cliff akasema, matope hadi mapajani, "tuko kumi na mmoja kamili. Nikitoka tunabaki kumi."

"Na mimi kule nimebaki na shangazi zako wanne!"

Aliyeokoa jahazi ni mwenyekiti wetu, Mzee Horace Tindall, mwenye bucha pale sokoni. Alivua kofia, akavua na koti lake la mvua, akamfunika Norma mabegani, akamwekea kiti. "Binti yangu," akamwambia, "mpe mpaka mapumziko tu. Baada ya hapo nitakusaidia kumburuta mwenyewe."

Mapumziko yalipofika, wageni wote wa harusi walikuwa wamemfuata bibi harusi, shangazi wanne wakiwa mbele, wamebeba na keki. Ilikatwa nyuma ya goli letu. Kipa wetu alikula vipande viwili kipindi cha pili kikiendelea. Ile ndiyo mechi tuliyopata watazamaji wengi kuliko zote za msimu, na tulishinda mbili bila.

Ukimsimulia mgeni, atadhani hapo ndipo Norma alipoupenda mpira. Wapi! Aliuchukia miaka mitano mfululizo.

Na alikuwa na haki. Sisi hatukuwa timu ya kwenye magazeti. Tulikuwa madaraja ya chini kabisa, ambako kipa anauza samaki, refa anakuja na basi, na jezi zinafuliwa na mke wa yeyote atakayechelewa kukataa. Nusu yetu tulikuwa tunafanya kazi kiwanda cha matofali, ndiyo maana tuliitwa Wafyatua Tofali. Cliff alikuwa kwenye tanuri, Norma alikuwa ofisini, anapiga chapa. Jumamosi yeye alikwenda kwa mama yake, na kwa mama yake mpira haukutajwa.

Kwa hiyo mwaka 1964, tulipofika fainali ya kombe la wilaya, kitu ambacho Ossenby haikuwa imewahi kukifanya na haijakifanya tena, Norma hakuwepo. Safari hiyo hakuwa amesusa. Alikuwa wodi ya wazazi. Alfajiri ya siku ile alijifungua mtoto wa kike, Cliff akamwona dakika kumi, akambusu mama, akambusu mtoto, akakimbilia basi la timu.

Tulicheza na Garthwick, watani wetu wa ng'ambo ya mto. Hadi dakika ya themanini hakuna aliyeona nyavu. Ndipo ikaja krosi ya kawaida kabisa kutoka kulia, ya kuokotwa tu. Kipa akaita "Yangu!" kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia nikiwa nusu nyingine ya uwanja. Cliff akaruka peke yake, hakuna mtu karibu, akapiga kichwa kizuri ajabu. Kona ya juu. Kipa hakunyoosha hata mkono. Tulifungwa moja bila, na aliyetufunga ni beki wetu.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Cliff alilia kama mtoto, kaziba uso kwa soksi. Mzee Tindall akaingia, akafunga mlango kwa mgongo.

"Sikilizeni," akasema. "Mwanamume huyu amepata binti leo. Hawezi kuingia wodini na habari mbili. Lile bao limefungwa na Amos Leck."

Leck alikuwa mshambuliaji wao wa kati. Tukatazamana.

"Limefungwa na nani?" akauliza tena, kama mwalimu.

"Na Leck," tukajibu.

"Percy, wewe sikukusikia."

"Na Leck, mzee," nikasema.

Basi likawa la Leck. Mwandishi wa gazeti la wilaya alikuwa mpwa wa Mzee Tindall, akaandika Leck. Katibu wetu wa wakati ule akaandika Leck kwenye daftari la klabu. Cliff akaenda wodini na maua, macho yamevimba, Norma akadhani ni machozi ya kupata mtoto, akampenda zaidi. Binti wakamwita Gail.

Miaka miwili baadaye Norma aliandika ile barua. Kamati ilikuwa imepanga mechi ya kirafiki siku ya ubatizo wa mtoto wa pili, naye akaona sasa imetosha. Kurasa nne, zimepigwa chapa, malalamiko kumi na moja kwa namba. Paa la chumba cha kubadilishia. Vikombe vya chai ambavyo mbwa angevikataa. Jezi namba tano iliyotiwa kiraka cha shuka. Ratiba zinazowafikia wachezaji mechi ikiwa imeshachezwa. Mzee Tindall aliisoma mbele ya kamati kwa sauti, kuanzia mwanzo hadi mwisho, halafu akavaa kofia, akachukua soseji za kutosha familia, akaenda kugonga kwa Pallister.

"Bi Norma," akasema mlangoni, "hii ndiyo barua nzuri kuliko zote zilizowahi kuandikwa kuhusu klabu yetu."

"Ni ya kuwatukana, Bwana Tindall."

"Najua. Lakini ina aya. Katibu wetu amepoteza barua za ligi mara tatu msimu huu. Tunakuomba uwe katibu."

"Mimi siujui mpira."

"Katibu hana haja ya kuujua mpira. Katibu anatakiwa kujua Jumamosi tunacheza wapi."

Nyuma yake Cliff alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, hapana, hapana. Norma akamwona kwenye kioo cha ukutani. Nadhani hicho ndicho kilichomfanya akubali. Alisema mwaka mmoja tu, hadi yale malalamiko kumi na moja yamalizike. Hayajamalizika hadi leo. Namba tisa ilihusu harufu.

Sasa, kuna watu wanaopenda mpira na kuna watu wanaopenda mambo yaende. Norma alikuwa wa aina ya pili, na klabu kama yetu inawahitaji hao kuliko wafungaji. Ndani ya mwaka mmoja kila mchezaji alijua basi linaondoka saa ngapi, na dereva alijua anakwenda wapi. Aliisoma sheria ya ligi kama wengine wanavyosoma riwaya, bafuni, maji yakipoa. Mpira wenyewe ulimwingia polepole. Siku moja nikamsikia anamwambia refa, "Huyo ameotea hatua mbili, nenda kapimwe macho," nikajua ndiyo basi, tumempata.

Mwaka 1978 tulimaliza wa pili na tukapata nafasi ya kupanda daraja. Ila daraja la juu lilikuwa na sharti: jukwaa lenye paa na viti hamsini. Sisi tulikuwa na paa. Chini ya paa kulikuwa na mabenchi mawili na magogo. Mkaguzi angekuja baada ya wiki tatu.

Bahati, sinema ya mjini ilikuwa inafungwa. Mwenyewe alikuwa mjane mmoja, Bi Lavinia Crouch, asiyetupenda hata kidogo, maana mashabiki wetu walikuwa na tabia ya kuja kuukojolea ukuta wake baada ya mechi. Norma alikwenda kunywa chai kwake. Sijui walizungumza nini, lakini aliporudi viti vilikuwa vyetu, kwa sharti moja: ukuta upigwe rangi upya, na wapake hao hao waliokuwa wakiukojolea. Nilipaka futi nyingi mimi.

Viti vyenyewe vilikuwa vya mahameli nyekundu, vinavutia sana, na vina kunguni wachache. Tatizo ni idadi. Vya mtu mmoja vizima vilikuwa arobaini na vinne. Vilivyobaki vilikuwa vitatu vya mstari wa nyuma, vile vipana vya wapenzi, visivyo na mkono katikati. Hapo nusu ya mji ilichumbiana.

Mkaguzi akaja, Bwana Prothero, mtu mkavu, kashika ubao wa kuandikia. Akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Arobaini na saba," akasema.

"Hamsini," Norma akasema. "Vile vitatu ni vya watu wawili wawili."

"Bibi, kiti ni kiti."

"Clifford, Bwana Tindall, hebu kaeni pale."

Mzee Tindall alikuwa mtu wa bucha, na mwili wake ulikuwa wa bucha. Cliff naye hakuwa mdogo. Wakajibana kwenye kiti cha wapenzi, magoti yamegusana, wanatazama mbele kama wanaopigwa picha ya kitambulisho.

"Hapo kuna watu wangapi?" Norma akauliza.

"Wawili. Lakini sheria inasema viti, haisemi makalio."

"Inasema. Ukurasa wa kumi na tisa." Akafungua kitabu chake, kimevimba kwa maji ya bafuni. "Kiti ni nafasi ya inchi kumi na nane kwa mtazamaji mmoja. Utepe huu hapa. Pima."

Bwana Prothero akapima. Inchi thelathini na nane. Akapima tena. Kisha akawaomba Cliff na Mzee Tindall wampishe, akakaa yeye katikati, akanyoosha miguu, na kwa mara ya kwanza tukaona meno yake. "Mna chai hapa?" akauliza.

Tukapanda. Tukacheza daraja la juu msimu mmoja, tukafungwa na kila mtu, tukashuka. Lakini tulifungwa mbele ya watu waliokaa kwenye mahameli.

Mzee Tindall alifariki mwaka 1985, ana miaka themanini na moja, na siri yake alikwenda nayo. Sisi tuliobaki tulikuwa tumeshaizoea. Ukikaa na uongo mdogo miaka mingi hivyo unausahau kama msumari uliopakwa rangi pamoja na mlango. Hata watoto wetu walijua Cliff ndiye aliyefunga, na walijua pia kwamba Bi Norma haambiwi. Hakuna aliyewafundisha.

Klabu ikakaribia miaka mia. Tulianzishwa 1899, na kamati ikamwomba Norma aandike historia, kitabu kidogo cha kuuza siku ya sherehe. Akaichukua kazi hiyo kama anavyochukua kila kitu. Hakutaka kunakili madaftari tu. Alitaka kila bao kubwa lisimuliwe na aliyelifunga, kwa maneno yake. Alituita mmoja mmoja. Mimi nilimweleza bao langu na Wrelby hadi akaniambia, "Percy, imetosha, lilikuwa bao moja."

Halafu, bila kumwambia mtu, akapanda basi kwenda Garthwick kumtafuta Amos Leck.

Haya niliyasikia kwa Leck mwenyewe baadaye. Alikuwa amestaafu, anafuga njiwa wa mashindano, na Norma alimkuta bandani.

"Bwana Leck, nimekuja kwa habari ya lile bao lako la mwaka sitini na nne."

"Bao gani, mama?"

"La fainali. La kichwa. Dakika ya themanini."

Leck akacheka hadi njiwa wakaanza kupigapiga mabawa. "Mimi? Maisha yangu yote sijafunga kwa kichwa. Siku ile nilikuwa nimekaa chini nje kabisa ya boksi, kiatu kimenasa kwenye tope, nakichimba kwa mikono. Mama, mimi hata sikuliona. Nilisikia kelele tu."

"Basi alifunga nani?"

"Si yule beki wenu, yule mrefu..." Hapo akamtazama vizuri. "Samahani, jina lako nani vile?"

"Pallister."

Leck akachukua ndoo. "Aa," akasema mwishowe. "Ngoja niwape njiwa maji."

"Njiwa wana maji," Norma akasema. "Nayaona kutoka hapa."

Cliff alikuwa uwanjani anapaka rangi milingoti ya goli. Mimi nilikuwa upande wa pili nimeshika ngazi. Nikamwona Norma anakuja kutoka kituo cha basi, anakatiza katikati ya uwanja, jambo ambalo yeye mwenyewe alilipiga marufuku.

"Clifford."

Brashi ikasimama.

"Nani alifunga?"

Cliff hakuuliza bao lipi. Akaweka brashi juu ya mkebe, taratibu. "Mimi."

"Miaka thelathini na mitano."

"Ndiyo."

"Nani mwingine anajua?"

"Wachache."

"Wachache wangapi?"

Cliff akajikuna shingo, rangi nyeupe ikabaki pale. "Mji."

"Mji mzima?"

"Mchungaji mpya sidhani kama ameambiwa."

Ndipo Norma akanigeukia. Nilikuwa natamani ngazi inifunike. "Percy. Na wewe?"

Nikasema ndiyo.

"Nimeandika barua zote za klabu hii miaka thelathini na mitatu," akasema. "Nikafikiri naijua." Sauti yake haikupanda. Ingepanda ningeona nafuu. Akageuka, akarudi njia ile ile, na mimi na Cliff tukabaki tunatazama alama za viatu vyake kwenye majani yenye unyevu.

Wiki ile mji ulikuwa mzito. Norma alitujibu salamu, akatupa chai, akapanga ratiba, na hakucheka na mtu. Bucha sasa ilikuwa ya mtoto wa Mzee Tindall, akampelekea soseji, zikarudishwa. Cliff aliniambia kwamba nyumbani hawakugombana kabisa. Alikuwa amemweleza yote: jinsi alivyoingia wodini akiwa tayari kusema, akamkuta amemshika Gail, anang'aa, na neno likakwama. Jinsi alivyosema kesho, halafu kesho ikawa mwezi. Halafu Norma akawa katibu, na katibu kazi yake ni kuandika kilichotokea, akaona sasa ndiyo haiwezekani tena.

"Akasema nini?" nikamuuliza.

"Akasema lile bao halimuumi hata chembe. Kinachomuuma ni kwamba watu wote walikuwa ndani, yeye peke yake nje. Sikuwa na jibu, Percy. Ungekuwa nalo wewe?"



Jumapili, wakati wa kifungua kinywa, Cliff akaweka karatasi karibu na sahani ya mkewe. Cliff si mtu wa kuandika. Kadi ya siku ya kuzaliwa ilikuwa inamchukua asubuhi nzima. Norma akaisoma, akachukua kalamu, akasahihisha makosa saba, hakubadilisha neno. Akaitia kitabuni kama ilivyo.

Sherehe tuliifanya Septemba, kwenye ukumbi wa klabu. Pai za nyama, bia, minyororo ya karatasi imetundikwa darini, watu wamejaa hadi mlangoni. Walikuja hata wa Garthwick, wanane, wamekaa pamoja kama wafungwa, Leck yuko kati. Norma akapanda jukwaani, miwani kwenye pua, akasoma kurasa chache. Waanzilishi. Miaka ya vita. Kunguni wa mahameli, watu wakacheka sana. Kisha akasema, "Ukurasa wa arobaini na moja. Umeandikwa na aliyefunga."

Nikasikia pai inatafunwa.

Akasoma: "Mimi Clifford Pallister ndiye niliyefunga bao la fainali ya 1964, kwenye goli letu. Mpira ulikuwa mzito kwa maji. Kipa aliita, mimi sikumsikia. Nilikuwa nafikiria mtoto tumwite nani. Niliona mpira unakuja nikaruka bila kujua niko upande gani. Wenzangu walisema ni Leck kwa sababu walinionea huruma, na mimi nikakubali kwa sababu nilikuwa naona haya. Hawakukosea wao. Mke wangu ndiye pekee hakuambiwa, na yeye ndiye angenicheka vizuri kuliko wote, nikapona mapema."

Akafunga kitabu. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kidogo. Kisha akamtazama Cliff, aliyekuwa mstari wa mbele kichwa chini, na akaanza kucheka. Kicheko cha tumboni, cha kushika meza. Kilipomtoka yeye kikatutoka na sisi wote. Kipa wetu wa zamani, na miaka yake sabini, akasimama juu ya kiti akapiga kelele, "Nilimwambia YANGU! Miaka thelathini na mitano nasubiri kusema! Nilimwambia YANGU!"

Leck akapenya hadi mbele, akatoa medali mfukoni. Ya ushindi, ya fainali ile.

"Hii ni ya mfungaji," akamwambia Cliff. "Mimi nilikuwa natafuta kiatu."

"Siwezi kuchukua. Ya Garthwick hiyo."

"Na wewe ndiye uliyetupatia. Chukua, bwana."

Wakavutana, huku anasukuma, huku anarudisha, hadi Norma akaichukua mwenyewe na kuamua: miezi sita Garthwick, miezi sita Ossenby. Ikawa hivyo. Kila Machi na kila Septemba mmoja wao alivuka daraja na medali mfukoni, na hakuna aliyerudi kwake siku hiyo hiyo akiwa anatembea wima. Cliff alianza kuelewa njiwa. Leck alianza kuja kwenye mechi zetu, akikaa kwenye mahameli na kututukana kwa raha.

Cliff alifariki mwaka 2006, mwezi wa Mei, moyo ulisimama akiwa anakata majani ya uwanja. Mashine iliendelea peke yake hadi kwenye kona, ikagonga ua. Tulimzika Alhamisi, wachezaji wa timu mbili wakabeba jeneza, na wa kwetu na wa kwao walipishana hatua njia nzima kwa sababu hawakuwa na mazoea ya kwenda upande mmoja.

Medali ilikuwa kwake. Septemba ilipofika, Norma akavaa koti, akaniambia nimpeleke kwa gari. Leck alipomwona anafungua kikoba akarudi nyuma.

"Hapana, Bi Norma. Ibaki kwako sasa."

"Ni zamu yako, Amos. Tulikubaliana."

"Mimi nakuomba."

"Na mimi ni katibu." Akamwekea kiganjani, akamfunga vidole. Wakasimama hivyo muda, wazee wawili kwenye mlango wa banda, njiwa wanalia ndani. Nikajifanya naangalia gurudumu.

Kisha Norma akafunga kikoba chake. "Na yule kipa wenu wa akiba," akasema, "yule mwenye masikio. Ana kazi Jumamosi?"

"Hana."

"Wetu ameteguka kidole. Basi linaondoka saa sita na nusu, mbele ya bucha. Mwambie aje amekula."

Alikuja. Tulifungwa nne, lakini Norma anasema mbili zilikuwa za kuotea, na ndivyo ilivyoandikwa.